Kichwa Kilichopatikana Dranya

Tangazo lilisomwa redioni asubuhi, katikati ya taarifa ya msiba na habari za ng'ombe aliyepotea. Mtangazaji hakubadilisha hata sauti. Alisema kichwa cha msichana aliyekuwa akiuza nta mjini Arua zamani, mwenyeji wa Logiri, kimepatikana Dranya, Koboko, na ndugu zake wanaombwa wafike wakichukue.

Nilicheka mpaka nikamwaga maharage niliyokuwa nachambua. Huku kwetu watu hutangaza kila kitu redioni: vyeti vilivyopotea, bibi harusi aliyekimbia, mbuzi mwenye sikio moja. Lakini kichwa! Baadaye niliambiwa kwamba watu walipiga simu polisi, na askari wawili wakatumwa Dranya na gunia. Walikuta kichwa chenyewe ni cha shaba, wakarudi na gunia lao tupu wamenuna.

Mama mdogo hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Ile iko dada yangu," alisema.

"Dada yako alikufa njiani kwenda Kongo, mama."

"Mimi najua alikufa. Wewe sikiliza. Nta. Logiri. Nani mwingine alikuwa nauza nta Arua? Sisi tu."

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu mzazi. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miezi minne, na tangu nijue kusema nimemwita mama, bila la mdogo wala la mkubwa. Humu namwita mama mdogo kwa ajili ya msomaji tu. Mama aliyenizaa alifariki wakati wa vita, familia ilipokuwa inakimbilia Kongo, na nyumba ya Logiri ilichomwa pamoja na kila kilichokuwemo. Hatuna picha yake hata moja. Waliomjua wamekwisha kufa wote, amebaki mama mdogo peke yake. Nilipokuwa mtoto nilimwuliza mama alifanana na nani, naye akanijibu, "Yeye alikuwa mzuri," jibu lisilo na pua wala macho. Na nilipomwuliza alikufaje, aliinuka akaenda kuchochea moto, hata kama jikoni hakukuwa na chungu.

Nimekuwa mwalimu wa Kiswahili katika sekondari maisha yangu yote ya kazi, na sasa nimestaafu mapema. Si kazi ya kujivunia sana huku West Nile, pembeni mwa Uganda, ambako Kiswahili kiliingia kikiwa kimevaa buti za jeshi na watu hawajasahau. Mama mdogo alijifunza chake sokoni na ukimbizini, akaolewa na mtu aliyekuwa hana lugha nyingine ya kuelewana naye, kikabaki ndicho cha nyumbani kwetu. Changu humchekesha. Husema, "Kiswahili yako iko na tai." Sawa. Lakini kila mwaka, nikiwa na tai yangu hiyo, nilisimama mbele ya darasa nikafundisha kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na wanafunzi walipokuwa wanaandika, mimi niligeuka nikatazama dirishani. Mimi nilifunzwa na mama, tena nikafunzwa vizuri, wakati mwingine kwa mwiko. Lakini sura ya aliyenizaa ilikuwa pengo, na ulimi haukai mbali na pengo. Nilikuwa nimepita umri wa miaka arobaini na bado nilikuwa naangalia wanawake wa Vurra, upande wa kwetu Logiri, sokoni, nikijiuliza ni pua gani ingekuwa yake.

Kwa hiyo nilipomaliza kucheka niliacha maharage nikamvutia kiti. Mama mdogo aliketi akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Babu yangu alikuwa na mizinga mingi kwenye vilima vya Logiri. Asali waliiuza kijijini, na nta mama yangu aliibeba kichwani hadi Arua, kwa fundi mmoja wa Koboko aliyekuwa na kibanda kando ya barabara. Fundi huyo alikuwa amefundishwa kuyeyusha shaba na wamisionari, akawatengenezea misalaba na kengele, na alipopata nafasi alitengeneza watu. Nta aliihitaji kwa kazi hiyo. Siku moja alimwomba msichana wa nta akae amfinyange uso. Habari zilipomfikia babu, alichukua upinde, bibi akamnyang'anya.

"Sisi hapana jua kama ile fundi alimaliza," alisema mama mdogo. "Dada yangu naolewa, wewe nazaliwa, vita nakuja."

Kesho yake tulikwenda Dranya. Njia nzima nilisema kwa niaba yetu wawili, maana nikiwa na hofu mdomo wangu haufungiki.

Mzee fundi hatukumkuta. Alikuwa amepelekwa hospitali kupasuliwa jicho lenye mtoto wa jicho. Tulipokewa na mwanawe, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye ndiye aliyekuwa anachimba shimo la choo sururu yake ilipogonga kitu kikalia kama kengele. Alitueleza kwamba baba yake alikizika kichwa kile mwenyewe siku za vita, akakimbilia Sudan, na aliporudi alikuta nyumba imechomwa na nyasi zimefunika kiwanja. Miaka yote alikuwa anachimba hapa na pale mpaka mkewe akamkataza, kwa kuwa watu walikuwa wanavunjika miguu mashimoni. Kilipopatikana, alikuja mtu wa vyuma chakavu, na baada yake akaja mwingine mwenye gari zuri. Mzee aliwafukuza wote. Alisema kichwa kina wenyewe. Jina la msichana hakuwahi kulijua vizuri, ndiyo maana akatangaza nta.

Kilikuwa juu ya kigoda, kimefunikwa kwa foronya. Yule bwana alifunua.

Nilikuwa nimejiandaa kulia. Leso nilikuwa nimeikunja mkononi tangu Arua. Nikaona kichwa na shingo ya mwanamke, cheusi, chenye ukijanikijani masikioni na udongo uliogandamana kwenye nywele, kikubwa sawasawa na cha mtu. Mashavu yalikuwa yamevimba na midomo imebanwa, kama mtu aliyekatazwa kitu. Nilingoja. Hakuna kilichokuja. Niliona aibu ambayo sijui nimweleze nani, maana nani anamwona mama yake kwa mara ya kwanza halafu anafikiri, huyu mbona amenuna?

Mama mdogo alizunguka kigoda mara mbili. Akashika sikio. Akapitisha kidole kwenye chale tatu fupi za paji la uso.

"Sikio iko yake," alisema. "Hii chale iko yake, mimi iko pale siku nakata. Lakini hii mashavu…" Akatikisa kichwa. "Dada yangu hapana kuwa na mashavu hii. Yeye alikuwa mwembamba. Hii mashavu iko ya nani?"

Mwenyeji wetu hakujua. Alisema tukichukue, mzee akirudi tutamwuliza. Tulikifunga kwa kitenge, nikakipakata mapajani hadi Arua. Kilikuwa kizito na kilinitia baridi, na swali la mashavu lilikuwa limeketi katikati yetu.

Nilikiweka sebuleni, juu ya kabati, karibu na televisheni. Wiki tatu nilikaa nacho. Niliamka nikakitazama, nikanywa chai nikakitazama. Wakati mwingine nilisema kimoyomoyo, wewe ni nani? Nilitaka kuamini. Nilichukua kioo nikafananisha pua na pua, na siku nilizopenda zilifanana, na siku nilizochoka hazikufanana hata kidogo.

Nilimpigia simu mwenzangu wa zamani, aliyekuwa anafundisha sanaa katika shule yetu. Alinionya kwamba shaba ya kale haioshwi. Weusi ule na ukijani ule ndio umri wake, alisema, ukiuondoa umeua historia. Neno hilo lilinipendeza kupita kiasi. Nilikuwa sina uhakika na mama, lakini angalau sasa nilikuwa na historia. Nikatangaza nyumbani kwamba hakuna mtu kukigusa, si kwa kitambaa, si kwa kidole. Nilitangaza kwa sauti yangu ya darasani. Mama mdogo alinisikiliza, akaendelea kumenya muhogo.

Hasira zangu hutangulia mbele, mimi nafuata nyuma nikiomba radhi. Ndivyo nilivyo, na wote walioishi nami wana alama. Jumamosi moja nilitoka kanisani kwenye mkutano wa kwaya, nikafungua geti, nikamkuta mama mdogo uani amekaa juu ya mkeka. Kichwa kilikuwa kati ya magoti yake. Pembeni palikuwa na majivu kwenye sahani, mchanga wa mto kwenye kopo, na maganda ya ndimu yametapakaa. Alikuwa amefunga kanga kifuani kama mtu aliyeanza kazi tangu alfajiri, na uso wote wa kile kichwa, kuanzia paji hadi kidevu na shingo ya mbele, ulikuwa unawaka njano kama sufuria ya sikukuu.

Nilipiga kelele. Nilisema yote niliyoambiwa na mwalimu wa sanaa na mengine niliyoyatunga papo hapo. Nilimwambia ameharibu kitu kilichodumu ardhini miaka yote hiyo, amekiharibu kwa asubuhi moja. Mama mdogo aliendelea kubana ndimu. Kule kubana kulinipandisha zaidi, na hapo nikasema:

"Nani amekuambia umguse mama yangu?"

Jirani yetu, mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini, ambaye ndimu zilitoka kwenye mti wake, alikuwa amesimama upande wa pili wa seng'enge. Aliinamisha kichwa akaingia ndani kwake, kwa adabu ya mtu asiyetaka kuwa shahidi.

Mama mdogo aliweka ndimu chini. Akafuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Sawa, mwalimu," alisema.

Akaingia chumbani. Siku ile hakula, na mimi nilikula, ili kuonyesha kwamba nina haki.

Kesho yake nilikifunga kichwa kwenye kitenge nikakipeleka Dranya. Nilikuwa na ombi moja: fundi akirudishe kama kilivyokuwa. Mzee nilimkuta safari hii, ameketi kwenye kiti cha kamba chini ya paa la jiko lake, bandeji imefunika jicho moja lililokawia kupona. Alikuwa mtu mdogo mwenye mikono mikubwa. Kabla sijamaliza kujitambulisha alinyoosha mkono.

"Wewe iko mtoto yake?"

"Ndivyo wanavyosema, mzee."

Nilifungua kitenge, nikaanza mashtaka. Nilimweleza nilivyokataza, nilivyotoka, nilivyorudi. Aliinama akaweka uso wake karibu sana na ule uso wa njano, akaugeuzageuza polepole. Nyuma ya kichwa palikuwa bado peusi, na nyuma ya shingo.

"Nani nasugua hii?"

"Mama mdogo. Nisamehe, mzee. Nilimkataza."

"Yeye nasugua na nini?"

"Majivu na ndimu. Na mchanga."

"Mchanga ya mto?"

"Wa mto, ndiyo."

Mzee alijipiga paja, akacheka kicheko kirefu kisicho na meno mengi.

"Mwalimu! Hii nyeusi yako iko masizi. Iko moshi ya moto yangu, na udongo ya kuchoma, na uchafu ya shimo. Wewe nalinda uchafu!"

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Akanieleza kazi yake, taratibu, kama anayemfundisha mtu mgeni katika ufundi. Alimfinyanga mama yangu kwa nta ileile aliyoileta mwenyewe kutoka Logiri. Nta hiyo aliiweka miaka, kwa kuwa hakuwa na shaba ya kutosha, mpaka kengele moja ya misheni ikapasuka akapewa mabaki yake. Aliifunika nta kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na mavi ya ng'ombe, akaukausha, akauchoma, nta ikayeyuka ikatoka, na mahali ilipotoka akamimina kengele. Udongo ulipopoa aliuvunja, akakata mirija ilikopitia shaba. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mwisho, ya siku mbili: kusugua kwa mchanga wa mto, majivu na ndimu mpaka ngozi ya moto itoke na uso uonekane. Asubuhi aliyotaka kuianza, watu wakaja wanakimbia. Kibanda alikiacha, kichwa akakibeba hadi Dranya kwenye baiskeli, akakizika na masizi yake.

"Mimi nangoja miaka yote kumaliza hii kazi," alisema. "Mama yako mdogo namaliza. Nani nafundisha yeye?"

Nilimwuliza kuhusu mashavu. Nilimwambia mama mdogo anasema si ya dada yake, na kwamba mimi mwenyewe nimekitazama kichwa kile wiki tatu sijui ninamtazama nani.

Mzee akatabasamu kwa upande mmoja, ule usio na bandeji.

"Ile msichana alikuwa nacheka sana," alisema. "Sana! Mimi nasema kaa kimya, yeye nacheka. Mimi nashika kijiti kupima pua, yeye nacheka. Mutu nacheka, mimi nafinyanga namna gani? Basi mimi napa yeye maji. Mimi nasema, weka maji kwa mdomo, hapana meza, hapana toa. Kila mutu anasumbua mimi nafanya hivi. Yeye naweka. Halafu naangalia mimi, halafu, puu! Maji yote kwa uso yangu, kwa nta, kwa kila kitu. Mara mbili! Mara ya tatu yeye nashika kidogo, mimi naenda haraka haraka. Hii mashavu iko yake, mwalimu. Ndani iko maji."

Nikageuka nikatazama. Sikubadilisha kitu chochote, nilitazama tu, na mwanamke aliyenuna hakuwepo. Palikuwa na msichana aliyejaza maji mdomoni, amebana midomo, amebakiza punje moja tu ya subira kabla ya kummwagia fundi maji usoni. Pembe za macho, ambazo mchanga wa mama mdogo ulikuwa umezifungua, zilikuwa zimekunjamana kwa kicheko. Chini ya masizi zisingeonekana hata kwa taa. Nilimwona mama yangu. Nasema nilimwona, na sitabishana na mtu. Leso yangu siku ile sikuwa nayo, nikajifuta kwa kitenge chenye udongo.

Nilimshukuru mzee kwa mikono miwili. Nilimshukuru kwa mashimo yote aliyochimba, na kwa kumfukuza yule mwenye gari zuri. Nikamwomba ammalizie, asugue na nyuma, maana ndiye mwenye kazi. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye kichwa, halafu akaurudisha.

"Hapana. Mutu anaanza kusugua, yeye namaliza. Mkono mbili nafanya rangi mbili. Rudisha yeye kwa ule mama."

Kwa hiyo nilirudi Arua nikiwa na maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga vizuri, yenye utangulizi na hitimisho. Mama mdogo nilimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko lisilo na chungu, anachochea moto. Nilipiga magoti, jambo ambalo kwa umri wangu lina sauti yake. Nikamwambia kuhusu masizi, nikamwambia kuhusu maji mdomoni. Hapo alifunika uso kwa kanga, akacheka, na mabega yakaendelea kutikisika baada ya kicheko kwisha.

"Maji," alisema. "Iko yeye. Iko yeye kabisa."

"Mama, nisamehe kwa lile neno nililosema. Sikujua unamaliza kazi ya fundi."

"Mimi hapana jua kazi ya fundi," alisema. "Mimi nasugua kitu yangu."

Akaacha kuchochea. Nilikuwa nimeshazoea kwamba mahali hapo mazungumzo yetu huishia, nikajiandaa kuinuka. Lakini aliendelea, macho yake yakiwa kwenye makaa.

"Ile siku sisi iko juu ya kilima, kwa mawe. Sisi nalala pale siku tatu. Chini iko mto, lakini askari iko kwa mto. Dada yangu iko na homa. Asubuhi yeye nakufa. Vumbi ilikuwa kwa uso yake yote. Kwa macho, kwa mdomo. Mutu nakufa, sisi naosha. Hata mutu mbaya, sisi naosha. Maji iko kwa kibuyu, kidogo, kama kikombe moja. Mimi nachukua kitambaa. Mimi nataka osha uso tu. Uso tu, basi. Na wewe nalia."

Nje jirani alikuwa anaita kuku wake.

"Wewe nalia, sauti hapana. Mdomo tu nafunguka. Mimi naangalia yeye, naangalia wewe. Halafu mimi napa wewe ile maji."

"Mama."

"Sisi nazika yeye na vumbi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano. Kila siku mimi naona ile uso. Na wewe naleta yeye hapa kwa nyumba, naweka juu ya kabati, na udongo kwa macho, na wewe nasema hapana gusa."

Nilikuwa nimekunywa maji ya kumwoshea mama yangu. Nimeishi kwa maji hayo, nimesoma, nimefundisha, nimezeeka, na mtu aliyenipa alikuwa msichana wa miaka kumi na tano ambaye baada ya hapo hakutaka hata kunieleza, nisije nikajiona mwenye hatia. Maneno yangu yote yenye utangulizi na hitimisho yalikwisha. Nilimshika miguu nikasema asante. Ni neno la kwanza tunalomfundisha mtoto, na sikuwa na jingine. Nilisema asante mama, tena na tena, mpaka akanipiga kofi dogo begani.

"Inuka, magoti yako itavunjika. Yeye iko wapi?"

Nilikwenda kumchukua sebuleni. Mama mdogo alitandika mkeka uani, akaleta majivu na mchanga, akamwita jirani kupitia seng'enge amrushie ndimu. Uso aliuacha, ulikuwa umekwisha. Alimgeuza, akamlaza kifudifudi mapajani mwake, nyuma ya kichwa ikawa juu, na shingo nyeusi. Akakata ndimu katikati. Nusu akaniwekea mkononi.

"Mzee amekataza," nilimwambia. "Anasema mikono miwili hufanya rangi mbili."

"Wacha iwe rangi mbili," alisema. "Sisi iko wawili."

Nikachovya ndimu kwenye majivu, nikaanza, kwa nguvu na kwa haraka, kama ninavyoosha kila kitu. Akanishika mkono.

"Pole pole, mwalimu. Hii iko shingo ya mutu."